Picha ya Bibi Isiyo na Rangi

Jumatatu, 5 Mei

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama macho yako yameshapita hapa, basi yaishie kwako. Usimsomee mtu, usimsimulie mtu, na zaidi ya yote asijue mtu wa ofisini kwetu. Mimi ni karani na bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Neno moja likimfikia Mama Siame, mkuu wa masijala, narudi Kasokola kulima na baba yangu. Nakuomba sana.

Leo kama siku zote. Nimefungua masijala, nimepangusa meza, nimepokea barua, nimegonga mihuri. Nimehakiki tena namba za mafaili ingawa zilikuwa sawa. Mama Siame amepita nyuma yangu, nikaanza kuzihakiki upya. Hajasema kitu. Bora angesema.

Jioni chuo. Kozi ya cheti, utengenezaji wa video. Mwalimu ametoa kazi ya mwisho: kila kundi lilete video moja ya muziki pamoja na kava ya albamu. Kuwasilisha ni Ijumaa ya tarehe 23. Sisi tuko watatu. Evodia anaimba. Nestori anashika kamera. Mimi nina kava, maandishi na kuogopa. Hilo la mwisho amesema Nestori. Ananiita Masijala, siku hizi darasa zima linaniita hivyo.

Evodia ametoka Mishamo. Anayemlipia ni mjomba wake, na amemwambia wazi: kazi hii ikiwa nzuri ataendelea hatua ya pili, ikiwa mbovu arudi shambani, majembe yapo. Evodia amesimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Najua majembe.

Alhamisi, 8 Mei

Bibi yake Evodia amekuja mjini Mpanda kutibiwa jicho. Bibi Butoyi. Chumba cha Evodia kimejaa wasichana, kwa hiyo Bibi amefikia kwangu, Kawajense. Nimempa kitanda, mimi nalala kwenye mkeka. Namtia dawa ya jicho asubuhi na jioni. Yeye hakwepeshi uso. Anayefumba macho ni mimi.

Asubuhi ameniona nikiipiga pasi blauzi ileile mara ya pili.

"Unakwenda kuolewa?"

Nikamweleza. Majaribio, Mama Siame, baba, wadogo zangu wawili walio sekondari. Alisikiliza yote, kikombe cha chai kikapoa mkononi mwake. Halafu akasema, "Kumbe na nyie wenye vyeti mnaishi kwa kufukuzwafukuzwa." Akacheka kidogo. Sijui kwa nini nimemweleza haya mtu ambaye nimemjua siku moja. Labda kwa sababu hakuniambia nisiogope.

Jumamosi, 10 Mei

Bibi ameimba leo.

Tulikuwa uani tunachambua maharage. Wimbo wa Kirundi, wa kupukuchulia mahindi. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza muda wa mstari mwingine kupita, halafu anaendelea. Nikadhani anasahau maneno. Evodia akanivuta pembeni akanieleza.

Ni wimbo wa watu wawili. Bibi alizaliwa pacha. Kwao pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Walikuwa wanauimba pamoja, mmoja anauliza, mwingine anajibu. Walipokimbia Burundi wakiwa wasichana walipotezana kwenye kuvuka mto, watu wengi, giza, kila mtu anavuta wake. Butoyi alifika huku, akakaa Mishamo. Bukuru hakuonekana tena. Hakuna aliyeuona mwili, kwa hiyo Bibi hakukubali matanga. Ndugu walimsihi. Wachungaji walimsihi. Hakukubali mpaka leo. Kila mavuno anaimba upande wake na kumwachia dada yake nafasi.

Wimbo wa Evodia umejengwa hapo. Bibi ataimba, na kwenye zile nafasi Evodia ataingia. Si kwa maneno ya Bukuru, kwa maneno yake mwenyewe, ya mjukuu. Hata mimi najua kitu kizuri kikipita mbele yangu.

Bibi amekubali, ila siyo hapa. "Hapa nilikuwa najipumulia tu. Njooni kwangu, mahindi yapo uani, wenzangu wapo. Huko ndiko wimbo unakokaa." Nestori alikuwa ameshairekodi sauti yake kwa simu, ya kujaribia. Akapiga na picha. Bibi kakaa kwenye kigoda, anaangalia moja kwa moja, jicho lenye dawa linameremeta. Nyuma yake beseni langu jekundu na nguo kwenye kamba.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Nimekataliwa.

Nilikuwa nimejiandaa, maneno nimeyakariri njiani. Nikasema "kazi ya chuo" na Mama Siame akainua macho kutoka kwenye faili. "Delfina, wakaguzi wanakuja. Chuo na kazi, chagua unachokula." Wenzangu wote wamesikia. Nikasema ahsante. Nimekataliwa na nimesema ahsante.

Tatizo ni kamera. Chuo hakimwazimi mwanafunzi kamera bila mdhamini mwenye ajira, na mdhamini lazima awe nayo popote inapokwenda. Kwenye kundi letu mwenye ajira ni mimi peke yangu. Nisipokwenda Mishamo, kamera haiendi. Basi letu linaondoka Ijumaa. Kwenda na kurudi, na kazi yenyewe, Jumamosi na Jumapili hazitoshi.

Bibi ameondoka jana na jicho lake limepona. Kitanda kinanukia mafuta yake ya nazi. Sijawaambia Evodia na Nestori kwamba nimekataliwa. Nimewaambia "bado wanafikiria."

Jumatano, 14 Mei

Kava imekamilika.

Nilihangaika nayo siku mbili. Beseni jekundu lilikuwa linavuta macho yote. Nikalifuta, likaacha doa. Nikajaribu kuweka giza nyuma, Bibi akaonekana kama mgonjwa. Mwishowe nikaondoa rangi zote. Nyeusi na nyeupe. Ghafla uso ukatoka. Kila mkunjo. Nikaweka fremu nyembamba nyeupe na neno moja chini: BIBI. Hilo ndilo jina la albamu.

Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nataka kuandika hivyo hata kama ni kujisifu.

Saa ya chai nimeiweka kwenye status ya WhatsApp. Nimeandika tu "Bibi yetu". Nilitaka watu waone.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeingia ofisini na wote wamesimama.

Mama Siame amenishika mikono yote miwili. "Pole sana, mwanangu. Pole. Mbona hukutuambia?" Wengine nyuma yake, pole, pole, Mungu ampumzishe. Mtu kanivutia kiti. Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

Picha ya mtu isiyo na rangi kwenye status, hapa kwetu, maana yake ni moja. Huyo mtu amekufa. Hakuna mtu asiyejua. Mimi mwenyewe nimeshaandika pole chini ya picha kama hizo mara nyingi. Jana sikuliona hilo kabisa. Nilikuwa naangalia mwanga, fremu, mikunjo. Nilikuwa naangalia kazi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwepo, naikumbuka, kama mlango uliofunguliwa nusu. Ningesema: hapana, mama, ni mzima, ni kazi ya chuo. Lakini "kazi ya chuo" ndiyo maneno aliyonikatalia Jumatatu. Na alikuwa analengwalengwa na machozi. Ningemfanya aonekane mjinga mbele ya ofisi nzima.

Akauliza, "Msiba uko wapi?"

Nikasema, "Mishamo."

Ndiyo neno pekee nililosema. Akasema niende, nichukue siku zangu, nirudi Jumanne. Akaniombea hapo hapo, macho kafumba, mkono wake kichwani kwangu. Nililia kweli. Wakadhani ni uchungu wa msiba.

Nimefuta status. Watu walikuwa wameshaiona, wengine wameshaihifadhi.

Evodia na Nestori nimewaambia ruhusa imetoka. Nestori akarusha kofia. "Masijala! Umemroga nini yule mama?" Evodia kanikumbatia. Sikuwaambia. Nitawaambia kesho njiani.

Ijumaa, 16 Mei

Sikuwaambia njiani.

Tumefika Mishamo, nguo zimekuwa rangi ya barabara. Watu na baiskeli za magunia. Bibi katupokea kwa ugali na maharage, kanicheka nilivyokonda ndani ya wiki moja. Kanipa kitanda chake. "Zamu yako." Mahindi yametandazwa uani, wenzake wamealikwa kesho. Anajifanya hajali kamera, lakini nimemwona anakunjua kanga mpya.

Nimeketi kando yake kwenye moto wa jioni na nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayameza pamoja na chai. Nilijiambia: Mishamo ni mbali. Ofisi haiwezi kuja huku.

Ofisi yetu mtu akifiwa huwa inakwenda. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika majina ya wanaokwenda. Nililijua hilo na bado nikajiambia ni mbali.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi njema, jua la upande. Akina mama sita kwenye mkeka, Bibi katikati, rundo la mahindi mbele yao. Nestori amepiga picha za mikono kwanza. Mikono ya wazee, punje zinavyoruka, beseni linavyolia. Wanamtania. "Wewe kijana, usinipige tumbo, nipige uso." "Uso wako utavunja kamera yake, muache!" Evodia kapiga magoti nyuma ya Bibi, tayari. Bibi kakohoa kusafisha koo.

Ndipo ikasikika gari.

Gari la ofisi. Nyuma yake pikipiki, baiskeli, watoto, watu wanakimbia. Njiani walikuwa wanaonyesha ile picha kwenye simu na kuuliza, msiba wa huyu bibi uko wapi? Watu wakashtuka. Huyo? Tumemwona jana! Wakalifuata gari mbio waone kama ni kweli.

Mama Siame kashuka na kanga mbili kiunoni, analia kwa sauti, "Jamani, bibi yetu!" Nyuma yake wanashusha unga na mchele na sukari. Kapiga hatua kama tatu. Kamwona Bibi. Bibi kakaa kwenye mkeka wake, gunzi mkononi, anamtazama.

Kilio kikakatika. Wakasikika kuku tu.

"Delfina," Mama Siame akasema, sauti ya ofisini. "Hii ni nini?"

Bibi akanyoosha mkono, akaomba simu. Akaitazama picha kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akamuuliza Evodia kitu kwa Kirundi. Evodia akanigeukia mimi. "Dada Delfina, wanasema nini hawa? Nani kafa?" Mdomo wangu ulifunguka. Hakikutoka kitu. Najua nilivyoonekana kwa sababu niliona uso wa Evodia ukibadilika.

Na Bibi aliniona. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile na pasi yangu. Aliyajua yote: majaribio, baba, wadogo zangu. Nilimweleza mwenyewe.

Akaweka gunzi chini. Akavuta kanga mpya akajifunika kichwa.

"Huyo siyo mimi," akasema. "Huyo ni Bukuru. Dada yangu. Pacha wangu. Mmefika msibani, karibuni mkae."

Mama mmoja mkekani, jirani yake wa tangu walipokuja, akapiga yowe. Halafu wote. Kwa wageni ilikuwa msiba wa bibi wasiyemjua. Kwa wale akina mama ilikuwa habari waliyoingoja tangu ujana wao: Butoyi amekubali. Waliokuja mbio kushangaa wakavua kofia. Wanaume wakaenda kutafuta kuni. Bibi alilia mdomo wazi, kama mtoto. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia hivyo. Hakuna hata chozi moja la kuigiza pale. Lililodanganya lilikuwa langu la Alhamisi.

Nestori alizima kamera bila kuambiwa.

Mama Siame alivua viatu akakaa chini na wanawake wa Mishamo. Alipukuchua mahindi mpaka walipoondoka. Kaniaga kwa kunibusu. Amesema, "Nisamehe, mwanangu. Pale nilikufikiria vibaya."

Jumapili, 18 Mei

Evodia hajanisemesha tangu jana. Nestori kanisemesha kwa ufupi tu, naye hakuniita Masijala. Ameniita Delfina.

Nimemtafuta Bibi nyuma ya nyumba. Nilipiga magoti. Nilisema yote, kuanzia status. Aliendelea kupepeta.

"Usilie sana wewe, utatumaliza maji. Nilikuwa nimechoka kumngoja. Kila mwaka namwachia nafasi na kila mwaka haingii." Akapepeta. "Ila ungeniambia, mwana wanje, mwanangu. Tulilala chumba kimoja. Ningejiandaa."

Hilo ndilo lililoniumiza. Hakukasirikia uongo. Alitaka tu kujiandaa kumzika dada yake.

Kisha akasema mengine, Evodia akiwa amesimama mlangoni anasikia. Aliyeingia matanga haimbi. Hapigwi picha. Ni mpaka siku ya kuganduka, ndivyo wanavyoita kumaliza msiba, na siku hiyo huwezi kuifanya kesho. Inangoja mavuno mengine, pombe, ukoo ukusanyike. Evodia akauliza, karibu anong'one, je, ile sauti ya kwenye simu, ya Kawajense? Bibi akatikisa kichwa. Sauti ni ileile. Haiwezi kuwa huku inalia na huko inacheza.

"Na siku hiyo ikifika," Evodia akasema, "tutauimba?"

"Nitauimba. Lakini sasa hakuna wa kumwachia nafasi. Nitauunganisha."

Evodia akaingia ndani. Nafasi ndiyo ilikuwa yake.

Kabla hatujaondoka Bibi ameniomba kitu. Ile picha. Hana picha ya Bukuru, hakuna mtu aliyewahi kuwa nayo. "Hiyo uliyoitoa rangi ndiyo Bukuru. Mimi rangi bado ninayo."

Kwenye basi Evodia kakaa kiti cha mbele. Tulipofika Mpanda akashuka, akanigeukia, akasema neno moja.

"Ungeniambia."

Jumanne, 20 Mei

Ofisini. Wamenichemshia chai, wamenizuia nisibebe mafaili. Mama Siame amewasimulia wote jinsi bibi yule alivyolia kwa ajili ya pacha wake, na jinsi mimi nilivyoshindwa hata kuongea kwa uchungu. Amesema nina moyo. Amesema kwa upande wa majaribio nisiwe na wasiwasi.

Hii ndiyo sentensi niliyokuwa nikiiota tangu niajiriwe. Nimerudi mezani nikahakiki tena namba za mafaili.

Jioni tumekutana chuoni kuhariri. Nestori akasema ile sauti ya simu ipo, safi, nani atajua? "Bibi hana WhatsApp, Evo. Ni kazi ya mwisho hii!" Evodia akachukua simu ya Nestori, akaifuta ile sauti mbele yetu. Nestori akashika kichwa. Kisha Evodia akavaa spika za masikioni akaanza kurekodi sehemu yake. Majibu tu. Anaimba mstari wake, ananyamaza muda wa mstari wa Bibi kupita, anaimba tena. Sauti haitetemeki. Nimekaa pale na kipanya mkononi na nimetamani anitukane.

Ijumaa, 23 Mei

Tumewasilisha.

Mikono kwenye mahindi. Punje. Beseni. Sauti ya Evodia, kimya, sauti ya Evodia, kimya. Kwenye kimya zinasikika punje tu. Kava tumeweka rundo la magunzi, bila uso wa mtu. Mimi nilijua kila kimya kilikuwa na nani ndani yake, na nilishindwa kutazama.

Mwalimu akasimamisha. "Mbona sauti inakatika? Waya ulikuwa mbovu?" Darasa likacheka. Evodia akasema, "Ni makusudi, mwalimu." Mwalimu akasema makusudi lazima yaeleweke kwa mtazamaji, siyo kwa mwenye kazi tu. Akauliza, huyo bibi mliyeandika kwenye pendekezo lenu yuko wapi?

Evodia angeweza kusema. Ni sentensi moja: huyu hapa ndiye aliyemfanya Bibi aingie matanga. Alinitazama, akatazama mbele. "Amefiwa, mwalimu. Haimbi."

Mimi nilikuwa na nafasi. Ya pili. Mwalimu anasali kanisa moja na Mama Siame, hiyo ndiyo hesabu niliyopiga kichwani. Wakati naipiga, akasema ahsante, kundi linalofuata.

Jumatano, 28 Mei

Matokeo. Tumefaulu, ukingoni kabisa. "Wazo zuri, utekelezaji haukukamilika, kasoro za sauti." Nestori kaacha ubishi, anatafuta kazi ya kupiga picha za harusi. Mjomba wa Evodia hakutaka kusikia maelezo. Ukingoni kwake ni mbovu. Evodia anarudi Mishamo Jumapili.

Mimi nimepewa barua. Nimethibitishwa kazini. Baba kapiga simu kutoka Kasokola, kaniita "Bi Karani" na kucheka mpaka akakohoa. Nilimwambia ahsante, baba. Nasema sana ahsante siku hizi.

Jumapili, 1 Juni

Asubuhi nimeenda stendi.

Jana nilipeleka picha kusafishwa. Mbili, ukubwa mmoja, fremu za mbao. Moja ni ile isiyo na rangi, nimetoa neno BIBI chini, nimeacha nyeupe tupu. Ya pili ni picha ileile na rangi zake zote. Nimelirudisha beseni jekundu. Nimerudisha nguo kwenye kamba. Lile jicho lenye dawa.

Evodia alikuwa ameketi juu ya sanduku lake. Nilimpa. Alifungua gazeti nililozifungia, akazishika moja huku moja huku, akatazama muda mrefu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hayakuhitajika, au niliogopa tena, siwezi kujua tofauti.

"Beseni lako hili," akasema. Akatabasamu kidogo sana. Akazifunga vizuri, akazizungushia kanga zisivunjike.

Gari lilipoondoka hakupunga mkono. Lakini kifurushi alikipakata, sanduku ndilo lililokwenda juu.

Nimerudi nyumbani. Nimefua blauzi. Sijaipiga pasi.

Wewe uliyeokota daftari hili, mwanzoni nilikuomba unyamaze. Bado naomba. Ila kama unatoka upande wa Mishamo, au una ndugu huko, na ukasikia siku ya Bibi Butoyi ya kuganduka imepangwa, hilo nifikishie. Usije ofisini. Njoo Kawajense, ulizia mashine ya kusaga, kisha nyumba yenye mlango wa bluu na beseni jekundu uani. Nikiwa sipo, mwambie mama mwenye duka mkabala. Ni Mama Zuhura, hana maswali mengi. Huna haja ya kusema sana. Sema tu kwamba mahindi yako uani na Bibi amesafisha koo.

Nitakuja. Bila kamera. Hata ikiwa siku ya kazi.